Utatuzi wa matatizo ya jeti za kabureta kwenye injini ya gari la zamani iliyofanyiwa ovahoo

Injini imechongwa silinda, imewekwa pistoni za saizi ya juu, valvu mpya na pengine kemu (shafti inayofungua valvu) kali kuliko ya kiwandani, kisha imerudi kwenye gari na kabureta ile ile ya zamani. Inawaka, lakini inamisi, inakohoa, inavuta kwa kusitasita, na mkono wa fundi unakwenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha jeti, yale matundu yaliyopimwa yanayopitisha petroli. Hapo ndipo muda na petroli vinapopotea. Jeti iwe ya mwisho kushukiwa. Na ikishukiwa, lazima ujue ni ipi, kwa sababu kila jeti inatawala sehemu yake ya safari ya kipepeo cha throto (bati linalofungua na kufunga njia ya hewa), na kosa la sehemu moja halitibiwi kwa jeti ya sehemu nyingine.

Kabureta hupima hewa yenyewe. Silinda ya milimita 80 ikichongwa hadi 81, ujazo wa injini huongezeka kwa asilimia 2.5 tu. Hewa inayopita kwenye venturi, pale koo la kabureta linapobanwa, huongezeka, na mvuto unaotoa petroli huongezeka pamoja nayo. Kwa hiyo pistoni kubwa peke yake si sababu ya kubadili jeti. Vinavyobadilisha mahitaji ya injini ni kemu mpya, hasa ile inayoacha valvu ya kuingiza na ya kutoa zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu, ekzosi mpya, kichujio cha hewa kilichobadilishwa, na venturi ya kipimo kingine. Kama hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichoguswa, rudisha jeti za kiwandani na utafute kosa mahali pengine.

Mifano mingi hapa ni ya Weber DCOE, kabureta yenye mitungi miwili (yaani koo mbili za hewa), kwa kuwa kila kitu chake kinabadilishika na namba zake zinaeleweka: jeti iliyoandikwa 135 ina tundu la milimita 1.35. SU, kabureta ya sindano, ina sehemu yake mbele. Neno sailensa humu lina maana ya injini kuunguruma bila kukanyagwa mafuta.

Kabla ya kufungua kisanduku cha jeti

Kama kemu ni mpya na tapeti zake ni za aina bapa, usianze kurekebisha sailensa siku injini inapowashwa mara ya kwanza. Kemu hiyo inahitaji kuzungushwa kati ya mizunguko 2000 na 2500 kwa dakika kwa takriban dakika 20, bila kuachwa ikinguruma polepole, ili oili iirukie vya kutosha. Jaza bakuli la floti kabla ya kuwasha, weka taimingi (wakati wa cheche kupiga) injini ikiwa imezimwa, fungua kipepeo kiasi, na injini ikishika ipandishe mara moja. Mambo ya sailensa yanangoja kazi hiyo iishe.

Baada ya hapo pima mgandamizo wa silinda: plagi zote zimetolewa, kipepeo kimefunguliwa kabisa, betri imejaa. Tofauti kati ya silinda ya juu na ya chini isizidi asilimia 10 hadi 15. Ringi ambazo hazijakaa vizuri zitatoa namba za chini kidogo, na hilo si baya ilimradi silinda zote zinafanana. Kaza tena kichwa cha silinda kama gasketi yake inadai hivyo, halafu pima upya nafasi za valvu, kwa kuwa kukaza kichwa kunazibadilisha. Valvu iliyobanwa isifunge sawasawa hukohoa kwenye kabureta kama vile mchanganyiko ni mwepesi, yaani una petroli kidogo mno, na hakuna jeti itakayoiponya.

Umeme unafuata. Pointi ziwe na mwanya sahihi, kwa distributa nyingi za zamani ni milimita 0.35 hadi 0.40, na taimingi ipimwe kwa taa, kwenye sailensa na pia kwenye mizunguko ya juu. Injini nyingi za zamani za petroli zinapenda cheche ipige jumla ya nyuzi 32 hadi 36 kabla ya pistoni kufika juu, mizunguko ikiwa mikubwa. Kondensa mbovu humisisha injini kwenye mizigo mikubwa kwa namna inayofanana kabisa na jeti kuu iliyo ndogo.

Kisha hewa ya wizi. Manifoldi iliyotolewa na kurudishwa ndipo mahali pa kwanza pa kuvuja: gasketi iliyokaa vibaya, uso uliopinda, bomba la breki lililosahauliwa, shafti ya kipepeo iliyolika. Nyunyizia maji kwa chupa ya kupulizia kwenye viungio vyote injini ikiwa kwenye sailensa. Mngurumo ukibadilika, umepata pa kuanzia. Petroli au dawa ya kusafishia kabureta isitumike kwa kazi hii karibu na ekzosi ya moto.

Petroli ndani ya bakuli

Njia zote za kabureta zinakunywa kutoka bakuli moja. Usawa wa petroli ukiwa juu au chini, kila kitu kinahama kwa pamoja, na utabadilisha jeti mpaka uchoke.

Weber DCOE hutaka msukumo wa baa 0.1 hadi 0.2. Pampu nyingi mpya za umeme husukuma zaidi ya hapo, valvu ya floti inashindwa kufunga, na petroli inamwagikia kwenye venturi. Weka geji kwenye mpira wa petroli karibu kabisa na kabureta, si kwenye pampu, na uisome injini ikiwa inafanya kazi.

Msukumo bila wingi nao hautoshi. Injini inayotoa kilowati 75 hunywa karibu nusu lita kwa dakika ikiwa imekanyagwa kabisa. Ondoa mpira kwenye kabureta, uelekeze kwenye chombo kilichopimwa, endesha pampu kwa dakika moja. Ukipata chini ya lita moja hakuna akiba ya maana, na chujio lililoziba au mpira uliobonyea ndiyo maelezo ya kawaida.

Usawa wa floti kwenye DCOE hupimwa kifuniko kikiwa kimesimama wima na gasketi yake ikiwa mahali pake. Ulimi wa floti uguse tu kitufe chenye springi cha valvu, bila kukibonyeza. Floti nyingi za shaba huwa milimita 8.5 kutoka kwenye gasketi, na zikishuka kabisa takriban 15. Floti za plastiki zina kipimo chao, mara nyingi 12, kwa hiyo tazama maelezo ya kabureta yako hasa. Kukisimamisha kifuniko vibaya, springi ikabonyezwa na uzito wa floti, ndilo kosa la kawaida hapa, na linapotosha kipimo kwa milimita nzima au zaidi.

Kipepeo kiko wapi tatizo linapotokea?

Watu huelezea tatizo kwa mizunguko: "inamisi kwenye 3000." Kabureta haijui 3000. Inajua kipepeo kimefunguka kiasi gani na hewa inapita kwa kasi gani. Injini iliyo kwenye 3000 ikiteremka mlima inakunywa kupitia jeti ya sailensa. Ikiwa kwenye 3000 hiyo hiyo ikipanda kwa gia ya nne na pedali sakafuni, inakunywa kupitia jeti kuu.

Bandika karatasi ya gundi kwenye pedali au kwenye mkono wa kabureta na uweke alama: imefungwa, robo, nusu, yote. Mtu wa pili akae kwenye kiti cha pembeni aandike. Kuanzia imefungwa hadi karibu robo ni eneo la jeti ya sailensa na matundu ya mpito, yale matundu madogo ambayo ukingo wa kipepeo huyafunua moja baada ya jingine. Kuanzia hapo jeti kuu inaanza kumimina, na mizunguko ikiwa juu jeti ya hewa, inayoingiza hewa kwenye petroli ya njia kuu, inasahihisha. Pampu ya ekseleta ina kazi moja tu: sekunde ile kipepeo kinapofunguliwa.

Ukishajua eneo, jiulize kama mchanganyiko ni mwepesi au mzito. Jaribio la haraka ni kuvuta choki kidogo sana wakati tatizo linatokea. Injini ikichangamka, ilikuwa na njaa ya petroli. Ikizidi kuzama, ilikuwa imeshiba kupita kiasi, na hapo kutoa kichujio cha hewa kwa muda mfupi kunapaswa kuisaidia. Fanya jaribio hili mahali pasipo na magari mengine.

Sailensa haishiki, au inapanda na kushuka

Injini iwe imepata moto kabisa. Kwenye DCOE za zamani zisizo na skrubu za hewa ya pembeni, funga skrubu za mchanganyiko taratibu mpaka ziguse, usikaze, kisha fungua zote mzunguko mmoja. Ukiikaza utaharibu ncha ya skrubu na tundu lake, na tundu hilo liko kwenye mwili wa kabureta. Linganisha hewa ya mitungi yote kwa kipimo cha hewa, halafu geuza kila skrubu robo mzunguko, ngoja sekunde tano hadi kumi, sikiliza. Mahali pazuri ni pale injini inapokuwa laini na ya haraka zaidi.

Skrubu hizi ndizo zinazokuambia kama jeti ya sailensa inafaa. Zikitaka kufunguliwa zaidi ya mzunguko mmoja na nusu, jeti ni ndogo. Zikiridhika chini ya nusu mzunguko, jeti ni kubwa. Aina mpya zenye uzi mwembamba na skrubu za hewa hukaa kwenye mizunguko miwili hadi mitatu, kwa hiyo usizihukumu kwa kipimo cha zile za zamani.

Skrubu ambayo ukiifunga kabisa injini haijali inaonyesha silinda ambayo haifanyi kazi kwenye sailensa. Angalia cheche, halafu toa jeti ya sailensa ya mtungi huo. Tundu la milimita 0.45 linazibwa na punje usiyoiona. Lipulize kwa hewa ya kompresa, usipitishe waya. Jeti iliyopitishwa waya ina namba lakini haina kipimo, na hili ni jambo la kuzingatia kwa jeti zote za mkono wa pili. Zenye mikwaruzo mdomoni, zitupe.

Kama mitungi miwili ya kabureta moja haikubali kulingana hata kidogo, tazama kama vipepeo vyote viwili vinafunga pamoja. Shafti ya DCOE hujipinda ikikazwa nati ya mwisho bila kushikwa sawasawa, na kipepeo kimoja kinabaki kimefunguka kidogo daima.

Inasita ukikanyaga kidogo na taratibu

Hili ndilo tatizo linalotesa injini zenye kemu mpya kuliko yote, na ndilo linalotibiwa vibaya zaidi. Dalili: ukiondoka polepole injini inazama kana kwamba imezimwa, kisha inashtuka na kuvuta. Ukikanyaga kwa nguvu inapita bila shida, kwa sababu pampu ya ekseleta inaficha pengo. Mtu anaweka jeti kubwa ya pampu, tatizo linajificha kidogo, gari linanuka petroli, na pengo liko pale pale.

Anza kwa kuangalia kipepeo kilipo. DCOE ina kifuniko kidogo cha skrubu juu ya matundu ya mpito. Kitoe, angaza kwa tochi, injini imezimwa na skrubu ya sailensa ikiwa mahali ulipoiacha. Ukingo wa kipepeo unatakiwa uwe umelifunika tundu la kwanza, kwenye mlango wa kulifungua. Ukikuta limeshapitwa, tayari umetumia kwenye sailensa petroli iliyowekwa kwa ajili ya kuondokea, na ukikanyaga hakuna kilichobaki cha kufunuliwa.

Kwa nini kipepeo kimefunguka hivyo? Kwa injini iliyotoka ovahoo kuna sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni ugumu wa injini mpya: ringi na beringi bado zinasuguana, kwa hiyo inahitaji hewa zaidi ili isizimike. Hilo litapungua lenyewe. Ya pili ni taimingi. Kemu inayopishanisha valvu kwa muda mrefu huchafua hewa ya silinda kwa gesi iliyokwisha kuungua, na mchanganyiko huo unaungua polepole; ukiuwasha kwa nyuzi 6 kama injini ya kiwandani, nguvu ni ndogo na unalazimika kufungua kipepeo. Ipe nyuzi 12 hadi 16 kwenye sailensa na injini itapanda. Sasa funga kipepeo mpaka irudi kwenye mizunguko 900 hadi 1100, na matundu ya mpito yanafunikwa tena. Angalizo kubwa: jumla ya nyuzi juu haitakiwi kuongezeka. Distributa lazima ipunguziwe safari ya uzito wake wa ndani ili isivuke 32 hadi 36, la sivyo umeondoa kusitasita na kuleta kugonga kunakovunja pistoni.

Kipepeo kikiwa mahali pake na kusita kumebaki, sasa ndiyo zamu ya jeti ya sailensa. Hapa kuna hesabu ambayo inafaa kuikariri. Kutoka 45 kwenda 50 eneo la tundu linaongezeka kwa asilimia 23. Kutoka jeti kuu ya 135 kwenda 140 ni asilimia 7.5 tu. Hatua moja ya jeti ya sailensa ni kubwa mno kwa marekebisho madogo, ndiyo maana Weber waliweka namba ya pili baada ya F, inayohusu tundu la hewa. Namba hizo hazifuati mpangilio wa kuhesabu. Kutoka nyepesi kwenda nzito, zile zinazotumika sana zinakwenda F2, F13, F11, F8, F9, F12, F6. Kwa hiyo kutoka 45F8 jaribu kwanza 45F9. Ikiwa bado ina njaa ndipo uende 50F8. Baada ya kila badiliko, rudia skrubu za mchanganyiko.

Inasita ukikanyaga ghafla tu

Kama kukanyaga taratibu hakuna tatizo, pampu ya ekseleta ndiyo mshukiwa. Injini imezimwa, toa kichujio, tazama ndani ya mtungi na usukume mkono wa throto. Mtiririko uanze papo hapo, uwe mwembamba, ulionyooka, usiogonga ukuta wa venturi. Ukichelewa, valvu ya kuzuia kurudi nyuma inavuja au pistoni ya pampu inakwama. Baada ya kusimama muda mrefu mabaki ya petroli iliyokauka hufanya hivyo.

Mtiririko ukiwa mzuri, tofautisha. Injini ikizama mara moja na kukohoa kupitia kabureta, petroli haitoshi: panda kutoka jeti ya pampu ya 35 hadi 40. Ikizama kwa uzito na moshi mweusi, imezidi. Kwenye DCOE kiasi kinachotupwa kinatawaliwa pia na valvu iliyo chini ya bakuli. Yenye tundu kubwa pembeni hurudisha petroli nyingi bakulini na kupunguza dozi, ile isiyo na tundu hutupa yote. Pampu ishughulikiwe baada ya jeti nyingine zote.

Inasukasuka ukishikilia mwendo mmoja

Gari liko tambarare, pedali haijaguswa zaidi ya kidogo, na linavuta na kuachia kama linavutwa kwa kamba. Mchanganyiko wa eneo hili ni mwepesi. Kwa kuwa kipepeo kimefunguka kidogo, jeti ya sailensa bado ndiyo inayotawala, hata kama mizunguko ni 2800. Ongeza kwa F kwanza. Kama kusukasuka kunaanza pale tu unapoongeza mguu kidogo, njia kuu inachelewa kuanza: pandisha jeti kuu hatua moja, au pima upya usawa wa floti, kwa maana petroli iliyo chini huchelewesha njia kuu kwa namna hiyo hiyo.

Bomba la povu, lile lenye matundu linalobeba jeti kuu, liache kama lilivyo ikiwa linafaa ukubwa wa silinda zako. F11 huonekana kwenye silinda ndogo, F16 na F2 kwenye kubwa. Kulibadili kunahamisha mambo mengi kwa pamoja.

Nguvu zinaisha juu

Swali la kwanza: zinaisha papo hapo au baada ya sekunde chache? Injini inayovuta vizuri kwa sekunde tano kisha ikafifia inamaliza bakuli. Rudi kwenye pampu, chujio, na tundu la valvu ya floti. Injini iliyo dhaifu tangu unapokanyaga ndiyo yenye swali la jeti.

Pa kuanzia kwa DCOE: kipenyo cha venturi kwa milimita, mara nne, ndiyo jeti kuu. Venturi ya 34 inatoa 136, chukua 135. Jeti ya hewa ni jeti kuu ongeza 50, yaani 185. Hizi ni namba za kuanzia tu.

Panga jeti kuu kwanza kwa kupanda mlima kwa gia ya tatu, pedali yote, kwenye mizunguko ya kati. Uwanja wa mbio au mashine ya kupimia nguvu ni salama zaidi. Anza upande mzito, 145 badala ya 135, kisha shuka. Injini mpya iliyo nzito kwa dakika chache inatoa moshi. Iliyo nyepesi kwa dakika hizo hizo inagonga na kuyeyusha pistoni. Ikishavuta vizuri katikati, sikiliza juu. Ikiwa safi kwenye 4000 na nzito kwenye 6000, jeti ya hewa iwe kubwa zaidi, kutoka 185 hadi 200. Ikiwa nyepesi juu, ishushe hadi 170. Jeti kuu inahamisha eneo lote, jeti ya hewa inahamisha zaidi mwisho wake.

Kuna tatizo moja linalowapoteza watu kabisa: kumisi kwenye mizunguko fulani ile ile, kwa jeti yoyote ile. Mara nyingi ni petroli inayofanya povu bakulini kwa mtetemo. DCOE hukaa kwenye pete laini za mpira na washa za springi, na ovahoo ikimalizika mtu huzikaza nati mpaka mwisho. Washa hizo zinatakiwa kubaki na mwanya wa takriban milimita 1 kati ya mizunguko yake, kabureta icheze kidogo ukiisukuma kwa mkono.

Moshi mweusi na oili yenye harufu ya petroli

Kwa injini ya kawaida hili ni gharama ya petroli. Kwa injini iliyotoka kuchongwa ni hatari, kwa kuwa petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda katika zile kilomita chache ambazo ringi zinajikalia. Ringi zisipokaa wakati huo, injini itakula oili maisha yake yote na itabidi ifunguliwe tena. Toa kijiti cha oili na unuse. Kama kina petroli, mwaga oili na ubadilishe chujio lake, usiendelee.

Sababu, kwa mfuatano wa uwezekano: choki isiyofunga hadi mwisho, msukumo mkubwa wa pampu, floti iliyotoboka (itikise sikioni, utasikia petroli ndani), valvu ya floti yenye uchafu, na mwisho kabisa jeti. Kwenye kabureta za Holley ongeza valvu ya nguvu. Inafunguka mvuto wa manifoldi unaposhuka chini ya namba yake. Iliyoandikwa 65 hufunguka kwenye inchi 6.5 za zebaki. Kemu kali inayotoa inchi 8 tu kwenye sailensa, na kuyumba juu chini, itaifungua gari likiwa limesimama. Chagua iliyo karibu na nusu ya mvuto wa sailensa, kwa mfano huu 35 au 45.

Kukohoa mbele, kulipuka nyuma

Kukohoa kupitia kabureta ni wepesi wa mchanganyiko, valvu ya kuingiza isiyofunga, au nyaya za plagi zilizobadilishana. Milipuko kwenye ekzosi unapoachia pedali ni ekzosi inayovuta hewa kwenye kiungio, au jeti ya sailensa iliyo ndogo. Kaza ekzosi kwanza.

Kusoma kipimo cha lamda na plagi

Kipimo cha lamda kimerahisisha kazi hii sana, ila kinahitaji kuelewa kinachopima: oksijeni iliyobaki. Silinda inayomisi inatupa oksijeni yake yote kwenye ekzosi, na kipimo kinasema mwepesi hata kama silinda imejaa petroli. Tundu kwenye ekzosi kabla ya sensa linasema mwepesi vilevile. Kemu kali kwenye sailensa inafanya hivyo hivyo. Kwa sailensa, amini sikio na mizunguko kuliko namba.

Lamda 1.00 ni mchanganyiko kamili, chini ya hapo ni mzito. Pedali yote, tafuta lamda 0.86 hadi 0.88. Mwendo wa kawaida, 0.95 hadi 1.05. Soma kwa lamda, usisome kwa uwiano wa hewa na petroli, kwa sababu petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli ina uwiano kamili wa karibu 14.1 badala ya 14.7. Jeti zilizopangwa enzi za petroli tupu zinakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 4 kwa petroli hiyo, yaani nusu ya hatua ya jeti kuu.

Plagi bado zina la kusema, lakini petroli isiyo na risasi haiachi ile rangi ya kahawia iliyozoeleka. Weka plagi mpya, vuta kwa pedali yote, zima swichi na kanyaga klachi kwa pamoja, toa plagi. Tazama chini kabisa pale kauri inapoingia kwenye chuma: pete nyembamba ya kijivu hadi kahawia ni sawa, nyeupe bila pete ni nyepesi, masizi makavu ni nzito. Vitone vidogo vinavyong'aa kwenye kauri ni pistoni inayoanza kuyeyuka, simamisha majaribio.

Mwinuko nao unahesabika. Kwenye mita 1500 juu ya usawa wa bahari hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 14, na kabureta ile ile inakuwa nzito kwa karibu asilimia 7.5. Hiyo ni hatua moja ya jeti kuu, 140 kwenda 135.

SU

SU haina jeti za kubadilisha kwa maeneo. Ina sindano iliyochongwa kwa mteremko, na kila sehemu ya sindano ni eneo lake. Kabla ya kuilaumu, hakikisha pistoni ya hewa inaanguka kwa uhuru na kugonga chini kwa sauti, bega la sindano liko sawa na uso wa chini wa pistoni, na kizibo cha juu kina oili nyepesi, namba 20. Oili ikikosekana, pistoni huruka juu haraka mno na injini husita ukikanyaga ghafla. Hiyo ndiyo pampu ya ekseleta ya SU.

Anza kwa kushusha jeti nyuso 12 za nati kutoka juu kabisa. Injini ikiwa moto, inua pistoni kwa pini yake chini ya milimita 1. Mizunguko ikipanda kidogo na kutulia, ni sawa. Ikipanda na kubaki juu, ni nzito, pandisha jeti. Injini ikizama, ni nyepesi, shusha. Sailensa ikiwa sawa na pedali yote ikiwa nyepesi, hapo ndipo sindano nyingine inahitajika: linganisha majedwali ya vipenyo na uchague inayofanana mwanzoni na iliyo nyembamba zaidi mwishoni.

Inazimika au haiwaki ikiwa moto

Injini iliyozimwa kwa dakika kumi na kukataa kuwaka, kisha ikawaka kwa moshi ukiwa umekanyaga pedali yote, ina petroli iliyochemka bakulini na kumwagikia manifoldi. Weka kitenganishi cha joto kati ya kabureta na manifoldi, bati la kuzuia joto la ekzosi, na uusogeze mpira wa petroli mbali na kichwa cha silinda. Jeti hazihusiki.

Baada ya kilomita 1000

Ringi zikishakaa, ule msuguano wa mwanzo hupungua na sailensa hupanda yenyewe, mara nyingine kwa mizunguko 200. Irudishe chini kwa kufunga kipepeo, usipunguze taimingi. Pima tena nafasi za valvu na mgandamizo, tazama matundu ya mpito kupitia kile kifuniko kidogo, kisha rudia skrubu za mchanganyiko. Jeti ya sailensa iliyoongezwa wakati injini ikiwa ngumu huenda sasa imezidi: kama skrubu zinaridhika chini ya nusu mzunguko, shuka hatua moja ya F.